Kivimbe Nyuma ya Sikio

"Hivi, Mama Kabula, ng'ombe za mjane ni za nani?"

Swali hilo Nyanjige alilitoa kisimani, ndoo zikiwa kwenye foleni, mwaka uleule Mwandu, mume wa Felisita, alipofariki. Nyanjige ni jirani wa ua kwa ua, na maswali yake hayana ubaya, ila huwa yanatoka nje kabla hayajavaa nguo. Felisita alimjibu kwamba ng'ombe wote ni wa Mungu. Nyanjige akasema hilo la Mungu analijua tangu mafundisho ya kipaimara, yeye alikuwa anaulizia upande wa Maganga.

Maganga ni mdogo wa marehemu. Ni mtu mwenye huruma nyingi, na huruma yake ina macho makali. Udongo wa kaburi la kaka yake haukuwa umekauka, naye alikuwa ameshaona jinsi shemeji yake alivyoelemewa na mzigo: ng'ombe kumi na mmoja. Akajitolea kumtua. Mwingine angejitolea kumtua wawili au watatu, Maganga alijitolea kuwabeba wote, bila hata kuombwa.

Basi banamhala, wazee wa ukoo, wakaitwa kutoka Lalago. Walikula wali na sato wa Lamadi, wakanywa, wakaingia zizini kuhesabu, wakatoka wakiwa wamepata kumi na mmoja, wakarudia kuhesabu kwa sababu mmoja alipata kumi. Mzee Ngassa ndiye mkubwa wao. Umri umempa heshima zote isipokuwa ya kukaa macho kikao kizima, lakini siku ile aliamka kwa wakati na kutoa neno. Masika yaliyopita ndigana kali, ile homa ya kupe, ilimaliza ndama wote wa zizi lile isipokuwa mmoja. Maganga anasema ni kwa sababu mwanamke hajui ng'ombe. Mwanamke anasema kupe hawakuuliza zizi ni la nani. Kwa hiyo mjane apewe masika moja. Ndigana ikichukua ng'ombe hata mmoja, zizi zima lihamie kwa Maganga. Isipochukua, ng'ombe wabaki kwa mjane na binti yake, na mtu asirudie tena maneno hayo.

Felisita aliitikia kwa adabu. Kabula, mwanawe wa pekee aliyebaki hai, alikuwa bweni sekondari ya Bariadi, na kila kitu cha mtoto yule kilitoka kwenye kiwele. Hapakuwa na pamba ya kutegemea. Shamba lilikuwa dogo, na mwaka ule mvua ilinyesha kwa jirani zaidi. Ng'ombe wakienda, Kabula anarudi nyumbani kupika. Hilo kila mtu alilijua, na Maganga alilijua kuliko wote, maana alikuwa ameshauliza kwa upole kama binti bado hajachoka kusoma.

Ndipo akaja Daktari Fredrick.

Alikuwa kijana mrefu, daktari wa mifugo kutoka mradi wa utafiti, mwenye buti safi ambazo kijiji kilizitazama kwa huzuni kwa kujua kinachozisubiri. Alikuja na kompyuta, na mashine ya kumulika picha, na shuka jeupe la kuzimulikia, kwa sababu ukutani mwa ofisi ya kijiji kuna ramani ya mipaka ambayo hakuna anayekubaliana nayo. Picha ya kwanza ilipotokea, umeme ukakatika. Ikabidi aeleze kwa mdomo, na hapo ndipo watu walipomwelewa.

Chanjo ya ndigana iliyopo, alisema, inafanya kazi vizuri ila ina maringo. Inataka kukaa kwenye mtungi wa baridi kali unaofuka moshi. Inataka ichomwe pamoja na dawa nyingine. Ukiifungua lazima uimalize palepale, ng'ombe wawepo wasiwepo. Hii wanayoijaribu wao ni vipunje vya mafuta, vidogo kiasi kwamba mamia yake yakipangwa mstari hayazidi unene wa unywele mmoja. Ndani ya kila kipunje kuna kijisehemu cha mdudu wa ndigana, si mdudu mwenyewe, ni kama picha yake tu. Vipunje vinachanganywa kwenye ute mzito uliotokana na mwani. Ute unachomwa nyuma ya sikio, unaganda chini ya ngozi kama kivimbe, halafu unayeyuka polepole mwezi baada ya mwezi, ukiachia vipunje kidogo kidogo. Sindano inakuwa moja tu, na mtungi wa moshi hautakiwi tena.

Felisita, aliyekuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake, aliligeuza jambo lile kichwani kwa namna yake. Aliona ni sungusungu, walinzi wa kijiji. Ukiwaonyesha sungusungu picha ya mwizi mara moja, kesho wameshasahau, wanarudi kucheza bao. Lakini ukiwa na mtu anayekaa pale kijijini, anawaonyesha picha ileile wiki baada ya wiki, mwizi akitia mguu wanamjua hata kwa kisigino. Kile kivimbe ndicho huyo mtu. Hakusema kwa sauti. Wanawake hawakuwa wameulizwa bado.

Aliyeuliza ni mzee mmoja: mwani ni nini? Daktari akasema ni majani ya baharini. Maganga akasimama. Alikuwa amevaa kofia yake pana ya mnadani, na Maganga akisimama na kofia ile ujue atasema.

"Kwa hiyo daktari," alisema, "ng'ombe za Wasukuma, zilizokunywa maji ya malambo tangu kwa babu, leo unataka kuzitia mboga ya Waswahili wa pwani nyuma ya masikio?"

Ofisi nzima ikacheka. Daktari akajibu kwamba ni kidogo tu. Maganga akasema kidogo ndivyo ulevi unavyoanza. Kisha akatangaza, ili kila mwenye masikio asikie, kwamba ng'ombe wake yeye hawataguswa. Wao wana dawa yao: chuma. Tezi ikivimba, unachoma chuma mpaka kiwe chekundu, unakibandika pale, ugonjwa unatoka na moshi. Baba yake alifanya hivyo, na kaka yake marehemu alifanya hivyo. Hapo alimtazama Felisita kwa zile huruma zake.

Felisita akauliza swali moja tu, kama dawa hiyo ni ya hakika. Daktari akasema hapana. Imefanya vizuri kwa ng'ombe wachache waliotangulia, huku bado ni majaribio, na hajui. Felisita alikuwa amesikiliza wasomi wengi maishani, wa pamba, wa mbolea, wa vyoo bora, na huyu alikuwa wa kwanza kusema hajui mbele ya watu. Akajiandikisha palepale.

Sasa kuna jambo lazima lisemwe kuhusu mali ya Maganga. Mbali na ng'ombe wake wa kienyeji, kiangazi kile alikuwa amenunua mitamba wanne chotara, wekundu wenye paji jeupe, matako mapana kama mlango wa kanisa. Kijiji hakikuwa na wengine wa namna ile. Kila Jumapili watu wakienda misa walimkuta anawaogesha kwa sabuni ya unga, na wakirudi walimkuta anawakausha. Alikuwa akiwasimulia kama mtu anayesimulia watoto waliofaulu. Mitamba wale walitoka nyanda za baridi, hawakuwa na undugu wowote na kupe wa kwetu, na hilo hata Maganga alilijua, ingawa kofia ilimzuia kulisema.

Siku ya sindano ng'ombe walipelekwa kwenye josho la zamani la kuogeshea mifugo, pale penye ujia wa magogo wanamopitishwa mmoja mmoja. Ng'ombe wa Felisita na wa Maganga hulala pengine, lakini huchungwa pamoja kwenye ngitili ya ukoo, lile eneo la majani linalohifadhiwa kwa kiangazi. Asubuhi ile Felisita alisimama mwishoni mwa ujia, rozari mfukoni, akitazama walio wake wakitoka na hereni mpya za njano masikioni. Akamwona yule mweupe. Akamwona mtamba wake Neema, aliyezaliwa wiki ya Pasaka na kupona peke yake. Akaona wengine. Kisha, katikati ya msururu wake, likatokea paji jeupe. Likafuatwa na jingine.

Akageuza shingo taratibu. Kule mbali, kwenye barabara ya Nkololo, Maganga alikuwa amesimamisha pikipiki na anaangalia mawingu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Daktari akafuta jasho. "Mama, hawa chotara nao ni wako?"

Felisita hasemi uongo. Si kwamba hajui unavyosemwa, amekaa na ukoo ule zaidi ya miaka ishirini. "Ni wa ukoo, mwanangu," alisema. "Chanja tu."

Wakachanjwa kumi na tano. Daktari alikumbuka hesabu kwa sababu uliobaki kwenye chupa ulikuwa ute wa ng'ombe mmoja tu, akaona ni bahati. Kabla ya kuondoka aliwaambia wote, akawarudia: kivimbe kitakuwa kama njugu mawe, kitakaa muda mrefu, msikibonyeze, msikipake majani, na kwa jina la Mungu msikichome. Moto ukikigusa, vile vipunje vinaharibika vyote, inakuwa kama hujachanja.

Jioni hiyo mitamba wanne walirudi kwa Maganga wakiwa na matundu masikioni badala ya hereni. Nyanjige aliziona hereni zenyewe kwenye takataka, akaja kumuuliza Felisita kama hereni za njano hazimpendezi Maganga. Felisita akamwambia labda anapenda za dhahabu.

Vivimbe vikatokea kama walivyoambiwa. Felisita alikuwa akivitazama kila asubuhi wakati wa kukamua, kwa macho tu, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari. Vilikuwa vigumu, vya mviringo, na vilionekana vibaya sana. Mtu yeyote aliyefuga ng'ombe Usukumani akiona tezi imevimba nyuma ya sikio mkono wake unatafuta chuma wenyewe. Ndivyo ndigana inavyoanza. Kwa karne nzima kila mtu amefundishwa kwamba uvimbe pale ni kifo kinabisha hodi, halafu kijana wa buti safi anakuja kuuweka pale kwa sindano, na anasema usiuguse.

Maganga alijizuia. Tumpe haki yake, alijizuia kwa muda mtu kama yeye anaoweza kujizuia. Kisha siku moja mchana harufu ya ngozi iliyoungua ikapita juu ya ua na kuingia jikoni kwa Nyanjige. Nyanjige akaja na mwiko mkononi kuuliza kama leo kwa Maganga wanaoka nini. Baadaye lamboni Felisita akawaona mitamba wale wakinywa maji, kila mmoja na alama nyeusi ya chuma nyuma ya sikio, ya mviringo, imebandikwa kwa umakini wa fundi. Maganga alifanya kazi nzuri. Hakukosea hata mmoja.

Felisita angeweza kumwambia. Alifika mpaka kwenye ua wake kumwambia, ukitaka kujua. Akamkuta Maganga anawaeleza vijana wawili kwamba ng'ombe za mjane zimeoza masikio kwa mwani, na kwamba masika hayatafika katikati kabla zizi halijahamia kwake, kwa hiyo wamsaidie kuongeza boma. Walikuwa wameshakata miiba. Felisita akasalimia, "Mwadila," akaitikiwa, akauliza habari za mke wake, akarudi nyumbani.

Mvua ikaja, na kupe wakaja nayo, wakiwa na afya njema.

Aliyeanza ni Neema. Asubuhi hakusimama haraka, masikio yamelala, pua kavu, mwili wa moto. Felisita alijua homa ile. Alimpigia daktari, akalazimika kusimama juu ya kinu kutafuta mtandao. Daktari akasikika kama mtu aliye ndani ya mtungi wake wa zamani. Alisema homa kidogo si ajabu, ni mwili unapambana, yaani unajifunza, asimguse mahali pale, ampe maji na kivuli, yeye atafika barabara ikipitika. Felisita akashuka kwenye kinu akiwa na elimu hiyo. Mwili unajifunza. Darasa zuri, ila anayefeli analiwa.

Habari zilimfikia Maganga kabla jasho la simu halijakauka. Alikuja akiwa na chuma chake na kijinga cha moto kwenye sufuria kuukuu, amevaa kofia, na nyuma yake wazee wawili wa jirani, wa kushuhudia.

"Fungua zizi, shemeji," alisema kwa sauti ya msibani. "Tumwokoe huyu mtoto wa ng'ombe. Chuki sina."

Felisita alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, mgongo kwenye miti. Na hapa ndipo moyo wake ulipomsaliti, kwa sababu Maganga hakuwa mjinga kabisa. Mwandu mwenyewe alikuwa anachoma. Yeye Felisita ndiye aliyekuwa akishika kamba, akigeuza uso pembeni ndama akilia. Wapo waliopona baada ya chuma, aliwaona kwa macho yake. Wapo pia waliokufa na chuma chao, na wapo waliopona porini bila kuonana na mtu yeyote. Alijaribu kuwahesabu kichwani wale wa aina ya kwanza na wa aina ya pili, akaona hajawahi kuwahesabu. Hakuna aliyewahi. Akipona, chuma kilipewa sifa; akifa, lilitajwa jina la mchawi.

"Shemeji," alisema, "akifa, unachukua wote. Sasa mbona unahangaika kumponya?"

Wazee wale wawili wakatazamana. Maganga akasema huruma. Felisita akamshukuru kwa huruma, akamwambia sufuria isije ikamwunguza mkono, na hakusogea. Walikaa hivyo mpaka kijinga kikazimika chenyewe kwa manyunyu.

Kisha akaingia, akakaa karibu na Neema kwenye samadi, akasali matendo ya uchungu, na alipomaliza akaanza ya utukufu ili Mungu asifikirie amekata tamaa. Alimnywesha maji kwa chupa ya soda. Mahali pale hakumgusa. Mkono ulitaka. Mara mbili uliinuka wenyewe ukaelekea nyuma ya sikio, na mara zote mbili akaupeleka kwenye rozari kama anayemwelekeza mlevi njia ya kwake.

Neema alisimama. Haikuwa siku hiyo wala siku iliyofuata, lakini alisimama, akatembea mpaka kwenye kibanda cha jikoni, akala nusu ya majani ya paa lake. Felisita hakumfukuza.

Kwa Maganga hakukuwa hivyo. Mitamba wanne waliugua karibu kwa pamoja, wakatoa povu, wakafa, wa mwisho akifia kando ya beseni la kuwaogeshea. Ng'ombe wake wa kienyeji waliyumba wakasimama, wao na kupe wamezoeana. Kijiji kikala nyama kwa heshima zote. Maganga, macho mekundu, akasema mbele ya waombolezaji kwamba kuna mtu. Hakutaja jina. Alisema tu kwamba ng'ombe za fulani zina vivimbe vya ajabu na hazifi, na za jirani yake zinakufa, na kila mtu apige hesabu mwenyewe. Kwetu neno kama hilo la uchawi likitupwa kuelekea kwa mjane haliishii kwenye kicheko. Nyanjige hakulileta kama swali safari hii. Alikuja tu akalala kwa Felisita na panga chini ya mkeka, akisema kwake kunavuja.

Masika yalipokatika, banamhala wakarudi kutoka Lalago. Mvua ya mwisho ya ukaidi ikawasukuma wote ndani, sebuleni kwa Felisita, wazee kwenye viti, wengine juu ya magunia ya mbegu za pamba, Moyo Mtakatifu wa Yesu ukiwatazama kutoka ukutani. Maganga alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Nyanjige alikaa kwenye mlango wa jikoni akichambua mchele uleule tangu asubuhi.

Maganga alitangulia kusema, na alisema vizuri. Alikiri kwamba kwenye zizi la shemeji yake hajasikia kifo. Lakini, alisema, ugonjwa hauna budi kwenda mahali. Zile sindano za mwani zimeusukuma ukaruka ua, ukaua mitamba wake wanne wasio na hatia, wasiowahi kuguswa na dawa ya mtu. Mjane ameokoa zake kwa kuua za mwenzake. Ng'ombe wale ni hatari kwa kijiji kizima wakibaki mikononi mwa mwanamke asiyejua alichowatia. Wahamie kwake, awachunge kiume. Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Ngassa alikuwa amefumba macho, na haikujulikana yuko upande gani wa usingizi.

Hapo Daktari Fredrick akaingia. Barabara ilikuwa imepitika hatimaye, na buti zake zilikuwa zimeshakubali dini ya kijiji, tope hadi magotini. Alikuwa ametoka zizini moja kwa moja, na alikuwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Akasalimia wazee, akaomba radhi kuingilia kikao, akasema ng'ombe wa mama huyu wako vizuri kuliko alivyotarajia. Vivimbe vinayeyuka kama inavyotakiwa.

"Lakini mama," aliendelea, "mimi nilichanja kumi na tano. Zizini nimeona kumi na mmoja. Hao wanne wamekufa?"

Hata mchele wa Nyanjige ulisimama kwenye ungo.

Na Maganga, ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa breki, akaruka. "Mmesikia! Wanne! Wamemfia wanne, akawafukia kimyakimya, na huku anatukalisha hapa anatulisha ndizi! Mlisema hata mmoja. Hao ni wanne, na mtaalamu mwenyewe kasema!" Alikuwa tayari amesimama. Alimshukuru daktari kwa ukweli wake. Akamshika na mkono.

Wazee wakamgeukia Felisita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya kanga, na ukimtazama usingejua kwamba ndani yake kila kitu kimesimama mguu mmoja. Kabula, bweni, zizi, jina lake mwenyewe kijijini, vyote vilikuwa vinasubiri azungumze, naye hakutaka kuzungumza haraka, kwa sababu mwanamke akijibu haraka husemwa ana mdomo.

"Daktari," alisema, "waeleze wazee hao wanne walikuwaje."

"Walikuwa chotara," daktari akasema bila kujua anachokibeba. "Mitamba. Wekundu, wana paji jeupe. Nilikuuliza wewe mwenyewe siku ile, ukasema ni wa ukoo. Wazuri sana, wamenawiri. Walikuwa wananukia sabuni."

Jambo lile lilipita sebuleni kutoka mtu hadi mtu kama kikombe cha maji, kila mmoja akinywa kwa zamu yake. Mmoja wa wazee alijishika kidevu. Nyanjige aliinamisha uso kwenye ungo, mabega yakaanza kumtikisika.

Daktari, ambaye kwa kusoma sana alikuwa hajagundua kwamba chumba kimebadilika, aliuliza kama kuna aliyeona vivimbe vyao kabla hawajafa. Sauti iliyomjibu ilitoka kwenye kiti cha Mzee Ngassa, macho bado yamefumbwa.

"Mimi nililetewa supu ya kichwa cha mmoja," alisema. "Hapa nyuma ya sikio alikuwa amepigwa chuma. Nikasema moyoni, huyu kachomwa vizuri, sijui kwa nini amekufa."

Daktari akapiga paja lake. Akaanza kueleza, kwa shauku isiyofaa nyumba yenye kikao, kwamba hilo linaeleza kila kitu, kwamba moto uliharibu ute na vipunje vyote, kwamba wanyama wanne ni wachache mno huwezi kuandika neno juu yao, lakini hata hivyo, hata hivyo, yeye asingethubutu kumwomba mfugaji yeyote amfanyie jaribio kama lile, na huyu amejitolea mwenyewe. Alitaka kujua ni nani, amshukuru.

Hakuna aliyemwonyesha. Haikuhitajika, kofia ilikuwa imeanza kuzunguka magotini mwa mtu, ukingo kwa ukingo.

Mzee Ngassa alifumbua macho. Alisema wao walihesabu ng'ombe wa marehemu kumi na mmoja, mara mbili, na leo wako kumi na mmoja. Mjane amemaliza masika yake. Ng'ombe wanabaki hapa, kwa Felisita na kwa mtoto wa Mwandu, na mtu asiwafuate tena zizini wala malishoni kwa neno hili. Lile jingine, la kusema kuna mtu, nalo limefia hapa sebuleni; atakayelifufua atakuja kulieleza Lalago mbele ya ukoo wote.

Felisita alisema, "Asante, baba," na kanga ilikuwa imekunjamana kwenye viganja vyake kama iliyokamuliwa.

"Bado kitu kidogo," mzee akaendelea, akamgeukia aliyekuwa karibu na mlango. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia. "Maganga, mwanangu. Hao wekundu wanne waliopigwa sindano ya mwani. Walikuwa ng'ombe za nani?"

Mvua ilikuwa imepungua juu ya bati, kila mtu akasikia vizuri. Kutoka zizini Neema alilia mara moja, akitaka maji.

Maganga aliinuka. Aliiweka kofia kichwani, akaona imekaa nyuma mbele, akaigeuza. Nyanjige alivuta miguu yake na ungo wake kumpisha, ingawa mlango ule haukuwa njia yake. Maganga akatoka kwa mlango mkubwa, akavuka ua, akapita mbele ya ng'ombe kumi na mmoja wenye hereni za njano waliomtazama wote kwa pamoja huku wakicheua, akashika njia ya kwake kwenye matope.